Mipaka Miwili ya Mji wa Busia

Askari anayeshika zamu ya usiku mjini Busia hulinda mstari ambao macho hayauoni. Katikati ya mji ule hakuna mto, hakuna mlima wala ukuta. Upande huu kuna duka la Uganda, upande ule kuna duka la Kenya, na baina yake kuna uchochoro ambao mtoto aliyetumwa chumvi huuvuka na kurudi kabla sufuria haijachemka. Mhalifu naye huuvuka kwa hatua zizo hizo. Polisi anayemfukuza hufika kwenye kona akasita, kwa sababu nyumba ya pili iko chini ya sheria nyingine, amri nyingine na kituo kingine cha polisi.

Wengi husema kwamba taabu hiyo imeletwa na mpaka. Kauli hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mpaka umekuwapo tangu mwaka 1902. Mji ulioubana mpaka huo ni wa juzi. Nusu ya pili haina budi kutafutwa katika namna miji ya sehemu hizi ilivyozaliwa na kukua, yaani katika ramani zilizochorwa, na zaidi katika zile ambazo hazikuchorwa. Wala haifai kuitazama Busia peke yake. Yafaa itazamwe pamoja na jirani yake Tororo, mwendo wa kilomita 30 hivi upande wa kaskazini, kwa kuwa miji hii miwili ni ndugu waliolelewa na walezi tofauti.

Mwanzoni nchi yote hiyo ilikuwa ndani ya Uganda. Uingereza ilipoitangaza Uganda kuwa chini ya himaya yake mwaka 1894, hakuna aliyefikiri kuwa nchi hiyo ingeishia mto Sio au mto Malaba. Mkoa wake wa mashariki ulienea hadi Bonde la Ufa, na Naivasha na Kisumu zilihesabiwa kuwa Uganda. Miaka hiyo hiyo ya 1890 njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe ilifunguliwa kutoka pwani hadi sehemu za Busia. Kazi kubwa ya kuipasua ilisimamiwa na Kapteni Sclater wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Kiingereza, na ndiyo sababu historia inaitaja njia hiyo kwa jina lake. Upande wa mashariki kulikuwa na Mumias, makao ya Nabongo Mumia, ambako misafara ya Waswahili kutoka pwani ilipumzika na kununua chakula. Busia yenyewe haikuwa mji. Ilikuwa nchi ya mashamba na malisho, ya Wasamia, Wabagwe, Wakhayo na Wateso.

Kisha reli ikafika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Serikali ya Kiingereza iliona vyema reli yote iwe chini ya utawala mmoja, na tarehe 1 Aprili 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ukakabidhiwa kwa utawala wa Afrika Mashariki, ambao baadaye uliitwa Kenya. Maelezo kamili ya mpaka yaliandikwa katika amri ya mwaka 1926. Mpaka huo haukuwekwa kwa sababu ya lugha wala ukoo wala soko. Uliwekwa kwa sababu ya hesabu za reli. Msamia aliyekuwa na shamba upande mmoja wa Sio na mjomba upande wa pili aliamka siku moja akiwa na serikali mbili, na hakuna aliyekwenda kumweleza.

Tororo iliinuliwa na reli nyingine. Kwa muda wa miaka thelathini mizigo ya Uganda iliteremshwa Kisumu ikapakiwa katika meli za ziwani. Pamba ya Busoga na Teso ilipozidi, njia hiyo haikutosha. Reli mpya ikajengwa kutoka Nakuru, ikapanda milima hadi Timboroa, ikafika Eldoret mwaka 1924, ikavuka Malaba na kuingia Tororo. Hapo ikagawanyika. Mkono mmoja ulikwenda Mbale na Soroti, ukafika Soroti mwaka 1929. Mkono wa pili ulikwenda Jinja, ukavuka Nile na kufika Kampala mwaka 1931. Kwa hiyo chini ya ule Mwamba wa Tororo, unaoonekana kutoka mbali katika nchi tambarare, pakawa njia panda. Penye njia panda ya reli huhitajika karakana, maghala, nyumba za wafanyakazi, kituo cha polisi na ofisi ya posta, na vitu hivyo havikuwekwa ovyo. Vilipimwa.

Hapo ndipo Tororo ilipotofautiana na Busia. Mpima ardhi alitangulia, mjenzi akafuata. Barabara zilinyooshwa kabla ya maduka kujengwa. Viwanja vilipewa namba. Mtaa wa maduka, ambao kwa miaka mingi ulishikwa na wafanyabiashara wa Kihindi, ulipangwa kwa mistari iliyonyooka, na mpaka leo mgeni anayefika Tororo kwa mara ya kwanza hapotei kwa urahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kilianzishwa kwa kutumia mawe ya chokaa ya Tororo, nao umeme wa Owen Falls, bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, ulipitishwa hapo kuelekea Kenya. Mji ulikuwa na kazi, na kazi hiyo ilikuwa na mahali pake.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mpango ule ulikuwa wa haki kwa kuwa tu ulikuwa wa unadhifu. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson, daktari mashuhuri wa afya ya miji, azikague Nairobi, Kampala, Mombasa na Zanzibar. Ushauri wake ulikuwa kwamba Wazungu wakae mbali na Wahindi na Waafrika, na kwamba kati yao uachwe ukanda mtupu usiopungua upana wa yadi 300. Sababu iliyotolewa ilikuwa malaria na tauni. Ushauri huo ulitia rangi miji mingi ya Uganda na Kenya kwa miaka mingi iliyofuata, na Tororo haikuepuka. Nyumba za wakubwa ziliwekwa penye nafasi na miti, na uwanja wa gofu karibu na Mwamba. Wafanyakazi wa reli wakawekwa kando yao. Maduka kando yake. Na Mwafrika asiyekuwa na kazi ya serikali akajitafutia pa kujenga nje ya mstari wa mji, ambako bomba halikufika.

Mji wa namna hiyo umepangwa lakini haukushikamana. Kila bomba la maji lazima livuke ukanda mtupu kabla ya kufika nyumba ya pili. Kila nguzo ya umeme ni ndefu kwa sababu ya ubaguzi wa mtu aliyekwisha kufa. Serikali ya Uganda huru ilipoirithi miji hiyo mwaka 1962 ilirithi pia gharama ya umbali, na halmashauri nyingi za miji hazijaacha kuilipa gharama hiyo.

Busia ilikua kwa njia nyingine kabisa. Haikupata reli. Ilipata barabara ya Kisumu kwenda Kampala, na kizuizi cha forodha kikawekwa juu ya barabara hiyo. Mji wa mpakani huishi kwa tofauti ya bei. Sukari ikiwa rahisi upande mmoja na adimu upande wa pili, kesho yake kuna kibanda cha sukari, na kesho kutwa kuna nyumba ya kulala wageni. Mwaka 1963 serikali ya Kenya iliiunda wilaya ya Busia na kuweka makao yake papo hapo karibu na mpaka, na ofisi za serikali zikawavuta makarani, walimu, wauza nguo na wapishi wa vyakula. Upande wa Uganda mambo yalikwenda polepole zaidi, kwa sababu Busia ilikuwa kituo kidogo tu cha biashara katika wilaya iliyotawaliwa kutoka Tororo.

Sheria yenyewe ilisaidia kuusahaulisha mji huo. Sheria ya mipango ya miji na vijiji ya Uganda, ile ya mwaka 1951 iliyorekebishwa mwaka 1964, ilihusu maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mipango. Nje ya maeneo hayo mtu alijenga kama baba yake alivyojenga: palipokuwa na kivuli, karibu na kisima, mlango ukielekea upande usio na upepo. Katika shamba la familia hilo si kosa hata kidogo. Kosa huanza wakati wajukuu kumi wanapojenga katika shamba lile lile, na wapangaji ishirini wakaja nyuma yao, na hakuna hata mmoja aliyeacha nafasi ya gari kupita.

Ni Busia na Malaba, katika miaka ya 1960 na 1970, zilizoipa Afrika Mashariki neno ambalo sasa limeenea hadi Kongo. Kati ya kizuizi cha nchi moja na kizuizi cha nchi ya pili palikuwa na mwendo ambao mwenye gunia hakuweza kuutembea kwa raha, na magari hayakuruhusiwa kuuvuka bila karatasi nyingi. Vijana wa baiskeli walijitokeza kuwabeba watu na mizigo, wakitangaza kwa Kiingereza chao kwamba wanakwenda kutoka mpaka hadi mpaka, na maneno hayo yakageuka katika midomo ya watu yakawa boda boda. Jambo la kutazamwa hapa ni umbali. Baiskeli ilifaa kwa sababu soko, forodha na nyumba za kulala zilikuwa karibu karibu. Bila ya mwanamipango yeyote kuagiza, Busia ilikuwa mji ulioshikamana, ambamo mtu aliweza kufanya shughuli zake zote kwa miguu kabla ya jua la saa sita. Sifa hiyo Tororo haikuwa nayo. Kilichokosekana Busia ni barabara, mfereji na kigingi.

Kisha ikaja miaka ya magendo. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kasi. Mkulima wa Uganda alikuwa akilipwa na bodi ya serikali kwa shilingi zilizokuwa zikipungua thamani kila mwezi, hali ng'ambo ya mpaka kahawa hiyo hiyo ilinunuliwa kwa fedha yenye nguvu. Magunia yakavushwa usiku kwa vichwa, kwa baiskeli na kwa malori. Upande wa Bungoma soko la Chepkube lilipata sifa Kenya nzima kwa utajiri wa siku chache. Busia nayo ilipata sehemu yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, vizuizi vilikazwa, na kadiri vilivyokazwa ndivyo njia za panya zilivyoongezeka.

Wachumi wameandika mengi juu ya miaka hiyo. Athari yake juu ya umbo la mji imeandikwa kidogo. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya biashara halali huelekea barabara, kwa maana inataka kuonekana. Ghala la magendo huipa barabara kisogo na kufungua mlango wake uchochoroni. Mji unaoongezeka kwa nyumba za namna hiyo hauna mbele. Una migongo mitupu iliyotazamana, na katikati ya migongo hiyo kuna vijia visivyopitika ila na mtu aliyezaliwa humo. Wahusika wa magendo ya kahawa wengi wamezeeka au wamefariki, lakini vijia vyao vimebaki, na ndivyo ambavyo afisa wa doria hupambana navyo leo akitafuta mafuta ya petroli yaliyovushwa kwa madumu au pikipiki iliyoibwa.

Tororo katika miaka hiyo hiyo iliumia kwa namna nyingine. Mwezi wa Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Wahindi siku 90 waondoke nchini. Mtaa wa maduka uliokuwa umepangwa vizuri ukabaki bila ya wenyewe, nazo nyumba zikawekwa chini ya bodi ya mali za walioondoka. Nyumba isiyo na mwenyewe haina anayepaka chokaa wala anayezibua mfereji. Kwa hiyo katikati ya mji, penye bomba na umeme, palidhoofika, huku wananchi wakiendelea kujenga pembezoni pasipo na huduma. Hesabu zinaonyesha matokeo. Mwaka 1969 Tororo ilikuwa na watu karibu 16,000 na ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Uganda. Kufikia hesabu ya mwaka 1991 Busia ya Uganda ilikuwa imeifikia, kila mmoja ukiwa na watu kati ya 26,000 na 28,000. Hesabu ya mwaka 2014 iliikuta Busia na watu wapatao 56,000, na Tororo na wapatao 42,000. Mji uliochorwa umepitwa na mji usiochorwa, na hapo Busia ya Kenya haijahesabiwa, ingawa mtu akitazama kutoka juu ni mji mmoja.

Hatari ya mji mmoja wenye serikali mbili ilionekana mwezi wa Desemba 1987. Uhusiano wa nchi mbili ulikuwa umechafuka, na kutoelewana kukageuka mapigano ya risasi mjini Busia baina ya polisi wa Kenya na askari wa Uganda. Watu waliuawa, mpaka ukafungwa, na Rais Moi na Rais Museveni wakalazimika kukutana Malaba kabla ya mwaka kwisha ili kuyatuliza mambo. Historia ya siasa ya siku zile haina nafasi hapa. Lakini askari yeyote aliyesoma ramani ataelewa kwamba risasi zinapopigwa katika mji ambao nyumba zake zimeugusa mpaka pande zote mbili, hakuna raia aliye nyuma ya safu ya mapigano. Jikoni ni safu ya mbele. Ukanda mtupu ambao Simpson aliutaka kwa sababu ya rangi za watu, na ambao haukuwa na maana yoyote mahali alipoutaka, ungaliweza kuwa na maana mahali hapa, kama barabara pana ya doria iliyopimwa kwa pamoja. Haukuwapo.

Tangu siku zile mengi yamefanyika kuhusu mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, umoja wa forodha ukaanza mwaka 2005, na mwezi wa Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha Busia, ambapo msafiri na lori hukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili. Hayo ni maendeleo makubwa na hayapaswi kubezwa. Lakini kituo ni jengo, na jengo halipangi mji. Lori lililokaguliwa upesi lahitaji mahali pa kusimama dereva apate chakula na usingizi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva walipotakiwa kupimwa kabla ya kuvuka, foleni za Malaba na Busia zilirudi nyuma kilomita nyingi barabarani. Kila mtu aliiona foleni. Wachache waliuliza kwa nini miji miwili iliyoishi kwa malori kwa miaka sitini haikuwa na viwanja vya kutosha vya malori.

Jibu limo katika ardhi. Mwaka 1975 serikali ya Uganda ilitangaza kwa amri kwamba ardhi yote ni mali ya umma. Katiba ya mwaka 1995 iligeuza jambo hilo na kuirudisha ardhi kwa raia, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaitambua milki ya mila pamoja na milki za hati. Kwa mwenye shamba ilikuwa haki iliyochelewa. Kwa halmashauri ya mji ilimaanisha kwamba haiwezi tena kuchora barabara juu ya shamba la mtu na kulitwaa kwa barua. Ni lazima ilipe fidia, na ilipe upesi. Upande wa Kenya milki ya hati ilitangulia kwa miaka mingi, lakini hati hizo hukatwa vipande baba anapofariki, na kipande kinachobaki huuzwa kwa futi 50 kwa 100. Mwaka 1997 Busia ya Uganda ilipata wilaya yake yenyewe ikitengwa na Tororo. Mwaka 2010 Uganda ilitunga sheria mpya ya mipango ya ardhi, iliyotangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, bila kuacha kijiji hata kimoja. Kenya ilitunga yake mwaka 2019, chini ya serikali za kaunti zilizoanza mwaka 2013. Sheria kwa hiyo zipo. Zimefika wakati nyumba zimekwisha kuezekwa.

Katika mjadala wa mambo haya maneno mawili huchanganywa, nayo ni msongamano na mshikamano. Mji uliosongamana ni ule ambao watu wake wamekaa karibu bila ya njia, maji wala choo cha kutosha. Mji ulioshikamana ni ule ambao watu wake wamekaa karibu kwa mpango, ili kila hatua ya bomba iwanufaishe wengi. Hesabu yake si ngumu. Ekari moja hutoa viwanja vinane hivi vya futi 50 kwa 100, ukiacha barabara. Nyumba nane zikipangwa kwa mstari katika viwanja hivyo, bomba la futi 400 linazifikia zote. Nyumba hizo hizo zikitawanyika, kila moja na ekari yake kando ya barabara, bomba lahitaji zaidi ya futi 1,600. Halmashauri inayokusanya kodi ndogo haiwezi kununua bomba mara nne.

Ulinzi una hesabu hiyo hiyo. Mji wenye urefu wa kilomita 2 na upana wa kilomita 2 una kilomita za mraba 4. Ukiachwa utawanyike hadi kilomita 4 kwa 4, una kilomita za mraba 16, na idadi ya askari wa kituo haikuongezeka mara nne. Mkuu wa kituo anaijua hesabu hii bila kufundishwa, kwa maana huiona kila jioni anapogawa doria.

Wala haina maana kwamba kila mtu apandishwe ghorofani. Zanzibar ilijaribu hivyo baada ya Mapinduzi ya 1964, ilipojenga zile nyumba ndefu za Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Zimesimama imara mpaka leo, lakini mama wa Ng'ambo aliyezoea baraza na kuku alikuwa na mengi ya kusema juu ya ngazi. Kwa Busia nyumba za orofa moja au mbili zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zenye duka chini na familia juu, zingetosha kabisa.

Kinachohitajika zaidi ni mpaka wa pili. Mji wa Busia unao mpaka usiouhitaji, ule unaoupasua katikati, na umekosa mpaka unaouhitaji, yaani mstari wa kuuzunguka, unaosema kwamba hapa nyumba zinakoma na shamba linaanza. Uingereza ilijiwekea uwezo wa kuchora mistari ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1947, na kuizunguka miji yake kwa mikanda ya mashamba. Katika Marekani, nchi yenye ardhi tele, jimbo la Oregon lilitunga sheria mwaka 1973 ya kuulazimisha kila mji uchore mpaka wa ukuaji wake, na mji wa Portland ukachora wake mwaka 1979. Mistari hiyo haikuwekwa iwe ya milele. Husogezwa, lakini husogezwa kwa hesabu ya watu na baada ya kujadiliwa hadharani.

Kwa Busia mstari huo ungelinda jambo mahsusi. Kusini mwa mji kuna mto Sio na vinamasi vya Sio-Siteko, ambavyo nchi mbili zinavimiliki kwa pamoja. Kinamasi ndicho sifongo la sehemu zile: hunyonya mvua ya Aprili na kuitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Katiba ya Uganda inaviweka vinamasi mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Mtu asiyepata kiwanja mjini kwa bei anayoiweza huteremka huko, akafukia, akajenga, na mafuriko yanapofika yeye ndiye wa kwanza kuyapata. Si mkaidi mtu huyo. Amefuata njia pekee iliyoachwa wazi. Mstari unaochorwa kuzunguka kinamasi bila kupima viwanja vya bei nafuu ndani ya mji ni mstari wa kuwaonea maskini, na hautadumu.

Askari na polisi huitwa katika habari hizi mwishoni, wakati tingatinga limekwisha kuwashwa. Amri imetoka ya kuondoa vibanda katika hifadhi ya barabara, wanawake wanapiga kelele, na kijana mwenye sare anasimama baina ya mama mwenye sufuria na dereva wa tingatinga, huenda naye amepanga chumba katika mtaa wa namna hiyo hiyo. Kazi hiyo huharibu heshima iliyojengwa kwa miaka. Na mara nyingi kosa alilotumwa kulisafisha si la mama huyo. Ni la kigingi ambacho hakikupigwa miaka ishirini nyuma, wakati kazi yote ingelikamilishwa na mpima ardhi mmoja, vibarua wanne na mnyororo wa kupimia.

Kigingi kina namna ya kulinda ambayo bunduki haina. Palipopimwa barabara ya futi 40, gari la zimamoto hupita, na gari la wagonjwa, na gari la doria. Nyumba yenye namba huweza kupekuliwa kwa hati ya hakimu bila ya kuisumbua nyumba ya pili. Mjini Tororo, pamoja na dosari zote za asili yake, afisa anaweza kupewa jina la barabara na namba ya kiwanja akafika. Katika sehemu nyingi za Busia huelekezwa kwa mti, kwa msikiti, kwa duka la fulani, na akifika duka limehamia ng'ambo.

Kati ya miji hii miwili, kando ya barabara, bado kuna mashamba ya muhogo, mtama na mahindi. Mashamba hayo hulisha kambi na mitaa ya pande zote mbili. Uso wake wa barabarani unaanza kukatwa: kibanda hapa, ghala pale, msingi wa nyumba ambayo mwenyewe yuko kazini Kampala au Nairobi, kisha shamba tena, kisha kibanda. Vigingi vya mpima ardhi bado ni vichache huko. Vibao vya ploti zinazouzwa vimekwisha kufika.